Kubadilisha taa za tangi la matumbawe bila kukaribisha mwani

Mwalimu wa Bububu anauliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninafuga matumbawe nyumbani kwangu Bububu, na huu ni mwaka wa sita. Tangi langu ni la kioo, lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 50, yaani lita 300 kabla ya kuondoa nafasi ya mchanga na mawe. Wakaazi wake wengi ni matumbawe laini, na sehemu ya juu ya mawe nimeweka vipande vinne vya matumbawe magumu ya matawi. Vyote ni vipande vilivyokuzwa matangini na kuingizwa kwa vibali, kwa sababu matumbawe magumu yote yamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na hata bila ya mkataba huo nisingekubali kung'oa kitu mwambani. Samaki ni watano tu: kangaja mmoja na wengine wadogo wanne.

Taa ninayotumia ina mirija minne ya T5, yaani ile myembamba ya floresenti, kila mmoja wati 54. Mirija mipya imekuwa shida kuipata mjini, na hii iliyopo inakaribia kutimiza mwaka wa pili, ingawa najua kwamba ilifaa kubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi mwaka mmoja, maana nguvu na rangi ya mwanga wake hupungua kadiri inavyochakaa. Matumbawe ya matawi yamegeuka kahawia na hayakui. Ndugu yangu anayefanya kazi Dubai ameniletea taa mbili za LED za wati 100 kila moja, zenye rangi za buluu, zambarau, nyeupe na nyekundu, na kila rangi inaweza kupandishwa au kushushwa peke yake kwa kutumia simu.

Kinachonizuia kuzifunga ni yale niliyoyaona kwa rafiki yangu. Alibadilisha taa kwa siku moja, akafurahia mng'ao wake wiki mbili, na katika wiki ya tatu mawe yake yakaanza kuota mwani wa kijani mfano wa nywele. Aliung'oa kwa mkono kila Ijumaa na ukarudi kila Jumanne, mpaka matumbawe yake yakafunikwa na hatimaye akalivunja tangi. Sitaki kuona jambo hilo likitokea kwangu.

Vipimo vyangu vya wiki hii ni naitreti miligramu 20 kwa lita na fosfeti miligramu 0.15 kwa lita. Joto la maji hufika nyuzi 28 mchana. Maji yanayopungua kwa kukauka ninayafidia kwa maji ya kisima yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchujia. Taa huwaka saa kumi kwa siku. Naomba kujua kama mwani huo huletwa na taa yenyewe, na kama si hivyo, nianzie wapi?

Binti wa Paje anajibu:

Wa alaykum salaam, mwalimu wangu. Mama yangu ni mkulima wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kwetu pwani ya mashariki mwaka 1989, kwa hiyo mwani niliujua kabla sijayajua matumbawe, na swali lako nitalijibu kwa nilivyolelewa. Mkulima huchagua mahali penye maji mafupi ili jua lifike, lakini jua peke yake halimtoshi. Hutafuta pia mahali ambapo maji yanapita, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayouletea mwani naitrojeni na fosforasi. Akikosa kimoja kati ya hivyo, kamba zake hubaki nyembamba hata jua likiwa kali kiasi gani. Tangi la rafiki yako halikuwa tofauti na shamba hilo. Rutuba ilikuwa tayari imo majini na ndani ya mawe, na mwanga wa taa ya zamani ulikuwa dhaifu mno kuuwezesha mwani kuitumia. Taa mpya ilikuta shamba limeshatiwa mbolea.

Tena, ukitazama vizuri, dalili ya jambo hilo tayari unayo nyumbani. Ndani ya nyama ya kila tumbawe linalotegemea mwanga wamo mwani wadogo wa chembe moja waitwao zuksanthela, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga na kulilisha tumbawe sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakiwa na rutuba nyingi na mwanga ukiwa hafifu, zuksanthela huongezeka na kujazana, na kwa kuwa rangi yao ni ya kahawia, tumbawe zima huwa kahawia. Kwa hiyo ukahawia wa vipande vyako vinne na naitreti yako ya 20 ni habari moja iliyoandikwa mara mbili.

Ushauri wangu ni kwamba taa hizo zibaki ndani ya maboksi yao kwa wiki sita hivi, na muda huo wote uutumie kwa maji. Lengo lako liwe naitreti kati ya 5 na 10, na fosfeti karibu na 0.05. Usiende hadi sifuri. Tangi lililokaushwa rutuba kabisa mara nyingi huvamiwa na utando wa dinoflajelati, viumbe wadogo wa chembe moja, wenye rangi ya kahawia na viputo vya hewa, nao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa nywele, na matumbawe nayo hufifia kwa njaa.

Jambo la kwanza ambalo ningelichunguza ni hayo maji ya kisima. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo lina nyufa na mapango, na katika mitaa yenye nyumba nyingi maji ya mashimo ya vyoo hupenya humo humo. Mashine ya kuchujia ikichakaa huendelea kutoa maji maangavu yasiyo na ladha, na mwenye nyumba hadhani kuna kasoro. Tafuta kipimo kidogo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kile kinachofanana na kalamu, upime maji yanayotoka. Yanatakiwa kusoma sifuri. Tangi langu la lita 200 hupoteza lita tatu kwa siku wakati wa joto, yaani lita 90 kwa mwezi, na yanayokauka ni maji matupu, ilhali chochote kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Ukifanya hesabu ya miaka sita utaona namna ambavyo uchafu mdogo wa kila siku unavyoweza kuwa mkubwa.

Mambo mengine nayataja kwa haraka kwa sababu bila shaka unayajua: suuza chakula cha samaki kilichogandishwa kabla ya kuwapa, vuta taka kwenye mchanga kila unapobadilisha maji, na elekeza pampu ya mkondo nyuma ya mawe ambako taka hutulia. Ukitumia punje za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti, anza na nusu ya kipimo. Mawe ya zamani huwa yamehifadhi fosfeti ndani yake na huiachia polepole kila maji yanapokuwa safi, kwa hiyo usishangae kipimo kikishuka wiki moja na kupanda iliyofuata.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, nalo ni kulima mwani ili mwani usiote. Kama una tangi dogo la kuchujia chini ya meza, tenga sehemu yake moja, weka humo shada la mwani wa kijani unaofanana na uzi uliosokotana, uuwekee taa ya kawaida nyeupe, na uiwashe usiku wakati taa kubwa imezimwa. Mwani huo utakula naitreti na fosfeti ile ile ambayo ungekula mwani wa nywele, nawe kila wiki utauvuna na kuutoa nje. Faida nyingine ni kwamba kuwasha taa yake usiku kunazuia maji yasizidi kuwa na asidi gizani. Mama yangu alipoliona shamba langu la sentimita 30 alicheka sana, kisha akanionyesha namna ya kulikata ili lichipue upya.

Kijana wa Mazizini anajibu:

Nashukuru kwa maelezo marefu, lakini mimi nadhani kuna njia fupi zaidi. Mwani wa nywele unapenda rangi nyekundu na nyeupe, na matumbawe yanapenda buluu. Mwalimu akiwasha rangi ya buluu na zambarau peke yake, azime nyeupe na nyekundu kabisa, matumbawe yatakua na mwani utakosa riziki. Mimi nimefanya hivyo kwa miezi minne na kioo changu ni safi.

Binti wa Paje anajibu:

Ndugu yangu wa Mazizini, sikatai kwamba kioo chako ni safi, ila sababu uliyoitoa haiwezi kuwa sahihi yote. Klorofili ya mwani wa kijani hunyonya buluu vizuri sana, kama inavyonyonya nyekundu, na zuksanthela walio ndani ya matumbawe ni mwani pia. Hakuna rangi ya mwanga itakayomlisha mmoja na kumnyima mwenziwe kabisa. Ni kweli kwamba nyekundu hupotea katika mita chache za kwanza za bahari na buluu ndiyo inayofika kwenye kina, kwa hiyo matumbawe yanaishi vizuri kwa buluu, na ni busara kuiweka nyekundu chini sana. Hata hivyo, mtu mwenye fosfeti ya 0.15 akitegemea rangi peke yake atasubiri tu. Ningependa kujua vipimo vya maji yako, kwani huenda sifa hiyo ni ya maji.

Fundi wa Chake Chake anajibu:

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Pemba. Kuhusu maji bibi wa Paje amemaliza, nami nitazungumzia taa, maana nimefanya kazi ya umeme zaidi ya miaka thelathini na nimefuga matumbawe kwa kumi kati ya hiyo.

Usizipime taa kwa wati. Wati ni umeme unaoingia, na LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa wati hizo hizo, tena huuelekeza chini kwa lenzi badala ya kuutawanya kama mirija. Kinachohesabika ni mwanga unaolifikia tumbawe lenyewe, ambao hupimwa kwa PAR, yaani maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini hutosheka na kati ya 50 na 150, na yale ya matawi huhitaji kati ya 200 na 350. Jua la saa sita mchana baharini kwetu hutoa karibu 2,000 juu ya uso wa maji, lakini matangini hatuna haja ya kulikimbiza hilo. Kama utapata kipimo cha PAR cha kuazima, pima kwanza chini ya mirija ya zamani, mahali lilipo kila tumbawe, uandike, kisha ziwekwe taa mpya kwa nguvu itakayotoa namba zile zile. Hapo ndipo unapoanzia. Vipimo vya bei nafuu vya lux havifai kwa kulinganisha aina mbili hizi za taa, kwa sababu huiona buluu kwa udhaifu na vitakudanganya kwamba taa yako ni hafifu.

Ukikosa kipimo, zitundike sentimita 30 juu ya maji, buluu na zambarau uzianze kwa asilimia 30, nyeupe asilimia 10, nyekundu asilimia 2 au uizime. Ongeza asilimia 5 kila wiki, si zaidi. Kila unapoongeza, kaa wiki nzima ukitazama kabla ya kuongeza tena, na wiki hiyo usibadilishe kitu kingine chochote, wala chakula, wala kichujio. Nimeona watu wakibadilisha mambo matatu kwa pamoja na baadaye wasijue ni lipi lililowaponza. Saa za kuwaka zipunguze kutoka kumi hadi nane, tuseme kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kukiwa na kupanda na kushuka taratibu kwa nusu saa kila upande.

Chunguza pia dirisha. Mwalimu hakutaja, lakini kama jua la alasiri linapiga kwenye tangi, basi matumbawe na mwani wanapata saa ambazo taa haina habari nazo. Pazia zito litafanya kazi kubwa kuliko programu ya simu.

Suala la umeme ni letu sote visiwani. Taima za kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika na huendelea pale zilipoachia, kwa hiyo ukikatika kwa muda wa saa tatu, taa itachelewa kuzima kwa saa tatu kila siku hadi utakapoisahihisha. Nyumba moja niliyoitembelea Wete ilikuwa ikiwasha hadi karibu usiku wa manane, na mwenyewe alikuwa akiulaumu mchanga. Zipo pia taa za LED ambazo umeme ukirudi hupoteza saa na kurudi kwenye mpango wa kiwandani, ambao mara nyingi ni mkali. Jaribu jambo hilo kabla hujazitundika: ziwashe mezani, chomoa waya, subiri saa moja, urudishe, uone zimeamka na nini. Na kama una betri ya akiba, iunganishe na pampu ya mkondo, si na taa. Matumbawe hustahimili siku mbili tatu za giza bila madhara, lakini samaki hawastahimili maji yaliyosimama. Waliokuwa Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa.

Mwisho, msimu. Usipandishe mwanga wakati wa kaskazi, maji yakiwa na joto. Joto na mwanga mkali vikikutana ndipo tumbawe linapowatoa zuksanthela wake na kubaki jeupe, kama ilivyotokea kwenye miamba yetu mwaka 1998. Subiri kipupwe, na kwa sasa weka feni ipulize juu ya maji ili joto lishuke hadi 26 au 27, ukikumbuka kwamba feni huzidisha kukauka kwa maji.

Mwalimu wa Bububu anaandika tena, baada ya wiki saba:

Ahsanteni sana, na Mungu awalipe kheri. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi. Nilinunua kipimo cha TDS, na maji niliyokuwa nikiyaamini yalisoma 64. Nilipofungua mashine nilikuta utando wake wa kuchujia haujabadilishwa tangu niliponunua, na zile punje za kusafishia maji za hatua ya mwisho zilikuwa zimegeuka rangi kabisa. Nimebadilisha vyote na sasa yanasoma sifuri. Nimeanzisha shamba dogo la mwani kama alivyoelekeza binti wa Paje na nimeshalivuna mara tatu. Maji ya bahari ya kubadilishia nimeacha kuyachota karibu na mji, sasa nayafuata mbali na mifereji inayomwaga baharini, wakati maji yanajaa, na siku za mvua kubwa siendi kabisa.

Naitreti imeshuka hadi 8, na fosfeti ilishuka hadi 0.06, ikapanda hadi 0.09, na juzi imesoma 0.06 tena. Dirisha lipo, upande wa magharibi, na sasa lina pazia. Taa nilizijaribu mezani kama Fundi alivyosema, na moja kati ya hizo mbili iliamka kwa asilimia 100 ya rangi zote, hivyo nimebadilisha mpango wake wa mwanzo. Mwezi wa Juni umekaribia na joto la maji ni 26. Ninakusudia kuzitundika wiki ijayo. Nina swali moja lililobaki: nikianza kuona kijani kwenye mawe, nirudi nyuma au nivumilie? Na nitajuaje kwamba mwanga umezidi kwa matumbawe ya matawi kabla hayajadhurika?

Fundi wa Chake Chake anajibu:

Umefanya kazi ya maana, mwalimu. Mwanga unapobadilika, kijani kidogo juu ya kioo na utando mwembamba juu ya mawe kwa wiki mbili tatu ni jambo la kawaida, na kangaja wako atasaidia kuukwangua, kama pono na tasi wanavyofanya mwambani. Huo uvumilie. Ukiona nyuzi zenye urefu wa zaidi ya nusu sentimita, baki kwenye asilimia uliyopo, usiongeze, ng'oa zilizoota kwa mkono, na upime fosfeti siku hiyo hiyo. Ongeza tena pale tu nyuzi zitakapokuwa zimesimama kwa wiki mbili. Kurudi nyuma ghafla si vizuri, kwa sababu matumbawe yameshaanza kuzoea na utakuwa unayayumbisha mara mbili.

Kuhusu matawi, usitishwe na ncha nyeupe. Ncha ya tawi linalokua huwa nyeupe kwa sababu ni mpya na zuksanthela bado ni wachache hapo. Cha kuogopa ni ule upande unaotazama juu kufifia huku upande wa chini wa tawi lile lile ukibaki na rangi yake, au vinywa vidogo kubaki vimefungwa mchana kutwa vilipokuwa vikifunguka zamani. Ukiona hivyo, shusha asilimia 10 siku hiyo bila kungoja wiki iishe, kisha ukae hapo mwezi mzima.

Binti wa Paje anajibu:

Nami naongeza neno moja kwa mwalimu. Vipande vyako vikianza kukua vitahitaji kalsiamu na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) zaidi kuliko ulivyozoea, kwa hiyo kuanzia siku utakayozitundika pima alkalini mara mbili kwa wiki. Ikishuka polepole huku rangi ya kahawia ikiwa inapungua, ujue matumbawe yanajenga. Tafadhali tuwekee picha za siku ya kwanza, zilizopigwa chini ya mwanga mweupe na si wa buluu, ili baada ya miezi mitatu tuweze kulinganisha kwa haki.